Jiwe Lililoogeshwa

Binti wa fundi mawe alipiga mswaki huku anatembea, povu likimdondokea kwenye fulana, kwa sababu miguu yake ilikataa kusubiri kinywa. Uani, chini ya gunia lililoloweshwa maji, kulikuwa na jiwe lake. Alikuwa amelitoa ziwani mwenyewe, maji yakimfika kiunoni, akalibeba kifuani kama mtoto mwenye homa na njia nzima akilibembeleza. Watu wa barabarani walimpisha. Mtu anayezungumza na jiwe hapigwi kumbo.

Kwa umbo lilikuwa jiwe la hivi hivi tu, bapa na la mviringo kama mto wa kiti uliokaliwa sana. Ila juu lilivaa utando wa kijani, mnene, wenye kuteleza, na harufu ya soksi iliyosahauliwa ndani ya buti. Shangazi yake, dada wa fundi, aliuita kamasi la ziwa. Na tangu binti aanze kuusomea utando huo chuoni, jina lake pale nyumbani likawa Mama Kamasi. Mwanzoni alinuna. Siku hizi aliitikia.

"Mama Kamasi!" shangazi alimwita kutoka mlangoni mwa jiko. "Tema hilo povu kwanza. Ukilimeza utafanana na unachosomea."

"Shangazi, leo nitanie hadi jua lizame. Leo siguswi."

Na kweli, furaha ilikuwa imemjaa mpaka masikioni. Mwalimu wake wa chuo angefika asubuhi hiyo kuliona jiwe likikatwa. Huyo mwalimu alikuwa mama mfupi wa mabuti ya mpira, mwenye maswali mafupi kuliko yeye mwenyewe. Chuo kilikuwa na boti moja ya utafiti, na wanafunzi wawili walioitaka msimu huo. Mmoja alitaka kuhesabu samaki. Mwingine, yaani Mama Kamasi, alitaka kuonyesha kwamba mawe ya ziwa lile, yale yenye mistari mistari ndani ambayo kila mtu mjini ameyatandika sakafuni, hayakujikusanya tu kutokana na tope. Yalijengwa, tabaka juu ya tabaka, na kamasi lenyewe.

"Sitaki hotuba," mwalimu alikuwa amemwambia. "Nikatie jiwe moja katikati. Utando hai juu, chokaa laini chini yake, jiwe gumu chini ya hapo, vyote vimeshikana. Nikiona, boti yako. Nisipoona, tunahesabu samaki."

Binti alilifikia gunia, akalikunja pembe taratibu kama anayefunua zawadi, akachungulia.

Jiwe lilikuwa jeupe. Jeupe pee, limetakata, halina hata alama ya kijani. Lilinukia maua.

Mswaki ulimdondoka.

"Ehee, umeliona?" Baba yake alitokea karakanani akijifuta mikono kwenye aproni, uso umemkunjuka kwa tabasamu. "Nimeamka mapema kwa ajili yako, mama. Nikasema mgeni wa mwanangu hawezi kuja kukuta jiwe lenye uchafu. Nimelipiga brashi ya waya, nikalimalizia na sabuni. Ile ya shangazi yako ya kuogea."

"Sabuni yangu?" shangazi alitoa kichwa dirishani. "Ile ya maua? Kaka, umeogesha jiwe kwa sabuni yangu ya uso?"

Binti aliliinamia jiwe, akalinusa tena. Angemlaumu vipi baba yake? Katika karakana ile jiwe chafu halikuwahi kukanyaga. Babu yake aliosha kabla ya kukata, na baba wa babu vilevile. Fundi mwenyewe alikuwa na sababu yake mkononi: kidole chake cha shahada kiliishia njiani, kwa sababu siku moja ya ujana alifanya uvivu wa kuosha, jiwe likateleza, na msumeno haukuuliza kipi jiwe na kipi kidole. Tangu hapo aliosha mawe kama daktari anavyoosha mikono. Ukoo mzima ulikuwa umekata mawe ya ziwa lile maisha yote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona ndani na nje ya jiwe kwa wakati mmoja. Nje waliiondoa kwa brashi, ndipo wakaenda kutazama ndani.

"Baba," alisema hatimaye, "ule uchafu ndio aliokuja kuutazama."

Tabasamu la fundi lilibaki pale pale, ila macho yaliondoka. Alilitazama jiwe, akamtazama mwanawe, akaitazama brashi ya waya iliyokuwa bado inachuruzika. "Lakini uliniambia unasomea mawe."

"Nasomea kamasi linalotengeneza mawe, baba! Nimekueleza mwaka mzima!"

"Nilidhani ni utani wa shangazi yako," fundi alisema kwa sauti ndogo.

Kwenda kuchukua jingine? Mvua ya jana ilikuwa imenyesha kwa hasira, ziwa limepanda na kugeuka rangi ya chai, na mawe yote ya ufukweni yako chini ya maji ambamo hata bata asingeona miguu yake. Binti aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliiona boti ikienda zake, imejaa samaki waliohesabiwa vizuri.

"Na huo uchafu wenyewe umeumwaga wapi?" shangazi aliuliza. Alikuwa ametoka sasa, mikono kiunoni. Kazi yake pale karakanani ilikuwa kung'arisha vigae, na ya pili, isiyo na likizo, kumsema kaka yake.

"Nimwage wapi tena? Kwenye hodhi."

"Ndiyo hivyo! Kwenye hodhi! Halafu tundu la kutolea maji likiziba, nani anapiga magoti? Juzi tu nimekesha na nyundo na patasi nachonga uchafu wenu. Mgongo huu ni wangu, si wa serikali."

Hodhi hilo lilikuwa nyuma ya karakana, tangi kubwa la saruji lenye pembe nne, lililojengwa na babu. Maji yalivutwa kutoka ziwani, yakapita kwenye msumeno kuupoza, yakateremka tena humo pamoja na vumbi la mawe. Na humo humo, tangu enzi za babu, ndimo makamasi yote yaliyobanduliwa na brashi yalimwagwa. Lilinuka. Binti alikatazwa kulisogelea tangu alipojifunza kutembea, asije akatumbukia, na katazo hilo alilitii mpaka akaota ndevu za elimu.

Alikuwa amekiinamisha kichwa. Sasa alikiinua.

"Shangazi. Umesema unachonga?"

"Nachonga, ndiyo."

"Kwa patasi?"

"Ulitaka nichonge kwa kijiko?"

"Tope halichongwi, shangazi. Tope linazolewa. Kwa nini unachonga?"

Shangazi alifungua mdomo ajibu, akaufunga. Hilo lilikuwa tukio adimu, na fundi alilitambua, akasogea karibu.

"Kwa sababu," shangazi alisema polepole, "ni gumu."

Binti aliruka kutoka kwenye ndoo kama aliyekalia kaa la moto. Alizunguka karakana, akafika hodhini, akajilaza kifudifudi ukingoni, mkono mzima ukazama hadi begani. Utando ulikuwa pale, mnene, umeuvaa ukuta mzima. Aliupapasa: unateleza. Akakandamiza: chini ya utelezi kuna kitu laini kama jibini. Akakandamiza zaidi: chini ya ulaini, kuna ugumu. Aligonga kwa kifundo cha kidole. Saruji haikuwa pale. Saruji ilikuwa mbali huko ndani, na kati yake na kidole kulikuwa na jiwe nene kama kiganja.

"Limeota!" alipiga kelele. "Baba, limeota! Mna jiwe la ziwa ukutani! Mmelifuga!"

"Tumefuga nini?" sauti isiyo ya nyumbani iliuliza.

Mwalimu alikuwa amesimama kwenye kona ya karakana, mabuti yake yamejaa matope ya njiani, lenzi imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alimkuta mwanafunzi wake amelala ukingoni mwa hodhi, uso na nywele kijani.

"Shikamoo, mwalimu," binti alisema bila kuinuka.

"Marahaba. Jiwe liko wapi?"

"Baba ameliogesha."

"Kwa sabuni yangu," shangazi aliongeza.

Fundi alitazama chini. Mtu mwenye mabega kama yale, na siku hiyo angeweza kujificha nyuma ya ufagio.

"Lakini njoo uone hili, mwalimu! Njoo! Vua hilo koti, litalowa!"

Mwalimu hakuvua koti. Aliinama, akatazama, akapapasa, akanusa vidole bila kukunja pua, jambo lililomfanya shangazi amheshimu papo hapo. Kisha akasema lile alilokuja nalo.

"Vumbi la mawe na maji. Linatuama, linagandamana, linakuwa gumu. Mtu wa saruji atakwambia hivyo hivyo. Kamasi la nini?"

"Vumbi linatuama chini, mwalimu! Huu ni ukuta! Umesimama wima! Vumbi litakaaje ukutani bila kushikwa? Na nene hivi?" Binti alikuwa akizungumza kwa mikono yote miwili, na kamasi likiruka huku na huku, shangazi akilikwepa. "Nyuzi za kamasi zinanata. Vumbi likipita zinalidaka. Zikifunikwa, zinakosa mwanga, zinapenya kwenda juu, zinajitandika upya. Vumbi jingine, zinapanda tena. Ni kama mtu mvivu anayetandika shuka safi juu ya chafu kila siku, haondoi la chini. Mwisho ana godoro!"

"Shuka zako mwenyewe hizo," shangazi alisema.

Mwalimu aliinua kidole. "Nikijenga hodhi lisilo na kamasi, nikalijaza vumbi hilo hilo, sitapata godoro? Unajuaje?"

Lilikuwa swali lililotaka hodhi la pili, na miaka mingine. Macho ya binti yalizunguka yakitafuta msaada, yakagota kwenye bati. Nusu ya hodhi, ile ya upande wa ukuta wa jirani, ilifunikwa kwa bati zito lililokandamizwa na mawe, majani ya mti wa jirani yasizibe pampu. Lilikuwa pale tangu enzi za babu, na chini yake kulikuwa na giza la pango.

Alilivuta bati, baba yake akamsaidia bila kuuliza, mawe yakaporomoka, mwanga ukaingia mahali ambapo haukuwahi kualikwa. Akatia mkono tena, bega zima.

Ukuta mtupu. Saruji ya babu, laini kama alivyoiacha. Na sakafuni tope, jepesi, la kuzoa kwa kiganja.

Alilitoa, akalinyanyua juu, likamchuruzika kwapani. "Maji hayo hayo! Vumbi hilo hilo! Lakini hakuna jua, hakuna kamasi! Na hakuna jiwe!"

Mwalimu alivua koti.

Aliyepiga magoti na patasi alikuwa fundi mwenyewe. Alipima kwa jicho, akagonga pembe tatu, akaingiza mtaimbo, na kipande chenye ukubwa wa mkate kikabanduka ukutani na utando wake mgongoni, unatetema. Akakibeba hadi kwenye meza ya msumeno. Hapo mkono wake wa kushoto ukaifuata ndoo, peke yake, kwa mazoea.

"Baba," binti alisema.

Fundi aliitazama ndoo. Akalitazama jiwe, linavyoteleza mezani kama samaki. Akakitazama kidole chake kifupi. Kisha akaiweka ndoo chini, akatafuta vibanio viwili vya chuma, akaongeza cha tatu, akalikaza jiwe mpaka meza ikalalamika.

"Siku zote nimesema jiwe chafu halikatwi hapa," alisema. "Rudini nyuma kidogo, basi. Nalikata."

Msumeno ulipiga kelele, maji yakaruka kijani badala ya meupe, harufu ikamtoa hata paka wa jirani mafichoni. Kipande kikagawanyika. Fundi alivifungua vile vibanio, akakilaza upande wake wa ndani juu.

Wote wanne waligonganisha vichwa.

Juu kabisa kulikuwa na kijani kibichi. Chini yake ukanda mweupe, laini, wenye vumbi bado lililonaswa kwenye nyuzi. Chini ya hapo jiwe, mistari na mistari na mistari, myeupe, ya kijivu, myembamba, minene, inapanda na kushuka kama mawimbi, kila mmoja ukiufuata wa chini yake bila kukatika. Binti alishika mdomo kwa mikono yote miwili, akasahau mikono ilivyo, akatema.

"Huu mwekundu," fundi alinong'ona, kidole kifupi kikielea juu ya mstari wa rangi ya matofali. "Hizi ni ngazi za shule. Ni jiwe jekundu la milimani, nililikata mara moja tu maishani."

"Ile ngazi uliyokata fupi ukailaumu rula," shangazi alisema.

"Na hii ya kijivu ni sakafu ya zahanati. Jamani. Zimo humu. Kazi zangu zote zimo humu."

Mwalimu alikuwa ameibana lenzi jichoni na hakuitoa. "Nimekubali linashika," alisema. "Hilo limekwisha. Lakini hilo vumbi ni chokaa tayari, kabla halijaingia hodhini. Kamasi limelidaka chokaa. Wewe uliniambia linatengeneza chokaa lenyewe, kutoka kwenye maji. Nani atanionyesha chokaa ambacho hakikutoka kwenye msumeno?"

Maji yalidondoka kutoka mezani.

Binti alikuwa ameshauona. Katikati ya jiwe kulipita ukanda mpana, mweusi wa kijani, usio na vumbi kabisa, wenye nyuzi nyeupe nyembamba ndani yake kama nywele za mvi. Aliuona na akaelewa ni nini. Kulikuwa na msimu mmoja ambao msumeno haukulia. Nyumbani haukuwa na jina. Shangazi, asiyeacha kitu bila kukitania, huo aliupita mbali. Binti alikuwa mdogo, anakumbuka tu kimya cha karakana, na baba akirudi na mabega yenye mikwaruzo ambayo hakuieleza.

Angeweza kusema. Boti ilikuwa pale, sentensi moja tu. Alimtazama baba yake akanyamaza.

Fundi alikohoa.

"Mwalimu, huo mweusi hapo," alisema, "hauna vumbi langu. Mota iliungua. Sikuwa na ya kununulia nyingine, nikaenda kubebea watu matofali. Karakana ilifungwa. Huo msumeno haukuzunguka hata mara moja, tangu mvua zilipoisha mpaka zilipoanza tena."

"Na maji?" mwalimu aliuliza, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. "Hodhi lilikauka?"

"Likauke?" shangazi aliruka. "Saruji ikikaa tupu juani inapasuka! Nililijaza mimi, kwa ndoo, kutoka ziwani. Kaka anabeba matofali, mimi nabeba maji. Mlidhani lilijijaza kwa aibu?"

Fundi alimgeukia dada yake. Inaelekea hakuwahi kulijua hilo. Alitaka kusema kitu, shangazi akamkata jicho, akaacha.

Mwalimu alitoa kichupa mfukoni, akadondosha tone moja la asidi kwenye uzi mmoja mweupe, katikati kabisa ya msimu usio na jina.

Likachemka. Vipovu vidogo, vyeupe, vikipanda kwa haraka, sss, kama soda iliyofunguliwa.

"Chokaa!" Binti alishindwa, akaruka, akakanyaga ndoo, akaruka nayo. "Ni chokaa! Bila msumeno! Ile hewa ya kwenye soda imo pia kwenye maji ya ziwa, ndiyo inayoyawezesha kubeba chokaa! Kamasi likila mwanga linaivuta hewa hiyo, maji yanaishiwa nguvu, yanautua mzigo! Lilikuwa linajenga, baba! Mlipokuwa mmefunga, lenyewe lilikuwa linajenga!"

Fundi aliuangalia ukanda mweusi kwa muda. "Kumbe kuna mtu alikuwa kazini," alisema, na sauti ikamteleza kidogo mwishoni.

Mwalimu alikifunga kichupa, akaishusha lenzi. Uso wake mfupi ulikuwa unapigana na tabasamu na kushindwa. "Mabuti unayo?"

"Yanavuja, mwalimu."

"Ya kwangu pia. Tutavuja pamoja. Boti inaondoka ziwa likitulia." Kisha akamgeukia fundi. "Mzee, hili bati lisirudi pale leo, nipige picha. Na msumeno huu nitauhitaji msimu mzima, kwa kila jiwe tutakalotoa. Ila kwa sharti moja."

"Sema tu, mwalimu."

"Chafu."

Fundi alicheka, kicheko kikubwa cha kuyatoa mabega yake mafichoni. Akazunguka ahakikishe meza iko tayari kwa picha, akaona kamasi limemwagika ukingoni, akalifuta kwa kiwiko. Akaona jingine juu ya jiwe lenyewe. Mkono, kwa nia njema kabisa, ukaifuata brashi.

"BABA!"

"KAKA!"

"MZEE!"

Aliiachia ikaanguka. Shangazi aliidaka kabla haijagusa chini, akaichomeka kwenye mkanda wa kanga yake, na kwa msimu wote uliofuata, mtu aliyetaka kuosha chochote pale nyumbani, hata sahani, aliomba ruhusa kwake kwanza.